Mwaka wa Ponteiro na Mashimo ya Pweza

Rosa amerudi likizo kutoka chuoni Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na baada ya kumaliza sahani mbili za wali wetu, jambo la kwanza alilosema ni kwamba ponteiro, lile somo la kompyuta, ni kitu chepesi kabisa. Alikuwa anamwambia Bibi. "Chepesi, Bibi, wala usitishike." Bibi yangu, ambaye hajapata kugusa kompyuta ila siku moja alipoifuta vumbi kwa ncha ya kapulana aliyojifunga kiunoni, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeambiwa kwamba Maputo kuna baridi. Mie nilikuwa nimeshika birika la chai ya moto, nikapata wazo. Sikulitekeleza, maana birika ni la Bibi na Rosa ni mgeni, lakini wazo lilikuwa zuri. Chepesi! Binti huyu huyu, rafiki yangu, ambaye miaka miwili iliyopita nilijifunza ponteiro kwake kwa njia iliyovunja kitu kisichoungika, leo amekaa kwenye mkeka wetu, kichwani ana misuko ya Pemba, anasema chepesi.

"Basi mweleze," nikamwambia. "Mweleze Bibi ponteiro ni nini."

Rosa akajipakulia mchuzi.

Kwa hiyo nitaeleza mie. Nina miaka kumi na saba, bado navaa sare ya shule, na mjomba wangu anasema mtu wa umri huu hana cha kukumbuka ila alichokula jana. Lakini Palma, mji wetu, mwaka ule ilikwenda mbio kuliko umri wa mtu. Gesi ilikuwa imepatikana chini ya bahari, mbali huko, mahali ambapo hakuna mtu wetu aliyewahi kutupa ndoana, na ghafla kila wiki kulikuwa na kitu kipya: mahema meupe, magari yenye vibendera juu ya fimbo ndefu, wanaume wa fulana za kung'aa waliokuja kupima barabara, wakaondoka, wakaja wengine wakaipima tena kana kwamba ilikuwa imerefuka. Kila chumba chenye mlango kilipata mpangaji. Chumba chetu cha nyuma, ambacho Bibi alikuwa akiwekea nazi na pweza wakavu, alikipanga Profesa Damião, mtu wa Mueda, aliyekuja kutufundisha hesabu asubuhi na kompyuta alasiri. Kilifagiliwa, kikapakwa chokaa, kikafukizwa udi siku tatu, lakini pweza ni pweza. Mwaka mzima Prof alikwenda darasani na suruali iliyopigwa pasi vizuri na harufu ya pweza mkavu, na paka wote wa mtaa walimheshimu kuliko mkurugenzi wa shule.

Darasa lenyewe lilianza na watu ishirini na mmoja na kompyuta tatu. Moja ilikuwa haina herufi E, ilibidi ubonyeze kijipira kilichobaki kwa ncha ya kalamu. Baada ya mwezi tulibaki tisa. Wengine walikimbia kwa sababu walidhani watafundishwa kuangalia mpira. Mie nilibaki kwa sababu ya nafasi. Prof alisema siku ya kwanza, na akarudia kila Jumatatu kama mtu anayesoma tangazo la msiba: mwisho wa mwaka kutakuwa na mtihani, na atakayeshinda atakwenda Pemba kusoma kozi ya kompyuta miaka mitatu, kitanda na chakula vimo. Mtu mmoja. Mmoja kwa wilaya nzima, toka Mute mpaka Pundanhar. Nilikuwa naitaka nafasi ile kwa hasira. Wiki ile ile nilikuwa nimesimama dukani nangoja sabuni, na wageni wawili wakawa wanazungumza Kireno juu ya kichwa changu, mmoja anamwambia mwenzie kwamba hata walinzi wa geti itabidi waletwe kutoka kusini, maana hawa wa hapa hawajui kitu, wanajua kukaa tu. Niliwaaga kwa Kireno, vizuri, na heshima zote. Mmoja alidondosha soda. Lakini nilipofika nyumbani nilikuwa nimesahau sabuni, na maneno yale yalikuwa bado yananikwaruza.

Sasa ponteiro. Prof aliandika ubaoni: a ni tano. b ni sawa na a. Halafu b tunaifanya saba. "Sauda, a ni ngapi?" Nikasema tano. "Vizuri. Hii ni aina ya thamani. Ukinakili, umepata yako, na mwenzio anabaki na yake." Hapo sote tulikuwa mabingwa. Halafu akachora orodha ya majina matatu, akaiita A, akasema B ni sawa na A, akafuta jina la kwanza katika B, akauliza A ina majina mangapi. Nikasema matatu, kama mwanzo. Akasema mawili. Nikasema haiwezekani, Prof, umefuta kwa B. Akasema ndiyo, lakini hii ni aina ya rejeo, ndani ya A hakuna majina, mna maelekezo ya mahali majina yalipo, na maelekezo hayo ndiyo ponteiro. "Fikiria barua," akasema. "Fikiria nyumba namba ishirini, barabara ya kumi."

"Prof, hapa nyumba hazina namba."

"Nimesema fikiria."

"Nafikiria, Prof. Barua imepotea."

Darasa likacheka, Prof akafumba macho. Alikuwa mtu mwema, nasema kweli, lakini mifano yake yote ilitoka mahali penye lifti. Alijaribu sanduku la posta, akajaribu namba za vyumba vya hoteli, siku moja akajaribu kabati la nguo lenye droo, na Rosa, aliyekaa jirani yangu, alikuwa anaandika tu na kuitikia, ndiyo Prof, ndiyo Prof. Kilichonichosha zaidi ni hicho. Rosa alikuwa anaelewa. Wazazi wake walishuka kutoka bara mwaka ule ule kufuata kazi, mama yake amefungua banda la chakula karibu na wanakojenga, yeye alikuwa hajawahi kuona bahari mpaka miezi minne kabla, na ponteiro anaielewa. Ukimuuliza anaelewaje, anasema, "Si ndivyo ilivyo."

Basi nikafanya jambo langu. Prof alikuwa ametengeneza programu ya kuita majina ya wanafunzi wa shule, darasa kwa darasa, na akatupa tuichezee. Mie nikatengeneza orodha yangu, nikasema yangu ni sawa na ya Prof, na kwenye yangu nikabadilisha majina. Momade aliyekuwa na kichwa kirefu nikamwita Papai. Abdala aliyekuwa anasinzia nikamwita Marehemu. Rosa nikamwita Ndiyo Prof. Mkurugenzi mwenyewe, aliyekuwa amewekwa juu kabisa, nikamwita Tumbo la Serikali. Tulicheka mpaka machozi, nikazima, nikaenda zangu nyumbani. Nilikuwa nimechezea nakala yangu. Ya Prof sikuigusa.

Kesho yake walikuja wageni wa ile kampuni ya gesi kutazama maendeleo ya shule. Mkurugenzi amevaa tai. Prof akawasha kompyuta mbele ya watu wote, akaanza kuita kwa sauti ya fahari, na kwa kuwa alikuwa akisoma kwa haraka, alishatamka jina la kwanza kabla ya akili yake kulifikia.  Halafu kutoka nyuma Abdala, aliyekuwa amezinduka usingizini, akauliza, "Marehemu yupo?" na shule nzima ikavunjika.

Nilichota maji ya shule wiki mbili. Kila ndoo niliyobeba nilikuwa nalalamika, na sikuwa nalalamikia adhabu. "Nilibadilisha yangu, Prof! Yangu! Wallahi yako sikuigusa."

"Hukuwa na yako," Prof akasema. Alikuwa amesimama mlangoni kwa chumba chake, paka wawili miguuni. "Ulinakili njia ya kuifikia. Orodha ilikuwa moja tu."

"Sasa kwa nini namba inanakilika na orodha hainakiliki?"

"Kwa sababu orodha ni kubwa."

"Na mie nina kichwa kidogo. Basi."

Mpaka leo nikikumbuka mazungumzo yale mkono unaniwasha. Alikuwa amesema kila kitu. Maneno yote yalikuwemo, kwa mpangilio wake, na mie yalinipita kama gari za kampuni zinavyopita na kuacha vumbi.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani nikamfuata Rosa nyuma ya banda la mama yake, ambako alikuwa anamenya muhogo. Nikamwambia anifundishe. Akasema sawa, lakini na mimi nimpe kitu. Mafundi wanaokula pale walikuwa wamechoka na maharagwe, wanaulizia pweza kila siku, na mama yake hakujua pweza anatoka wapi. "Nyie kwenu pweza hawakauki," Rosa akasema. "Nionyeshe mnakowatoa."

Hapa lazima nieleze. Bibi yangu ni mwanamke wa mwambani. Likija bamvua, maji yanapokupwa mpaka mwamba unatoka mgongo wote, wanawake wanatembea huko na fimbo za chuma kutafuta pweza. Mgeni anatafuta. Bibi hatafuti, anakwenda. Ana mashimo yake kumi na moja, kila moja na jina, aliyoonyeshwa na mama yake, na mama yake na mama yake. Pweza akitoka leo kwenye shimo zuri, baada ya siku chache anahamia mwingine, ilimradi hujalivunja mdomo na jiwe umelirudisha lilipokuwa. Mie nilionyeshwa nikiwa na miaka saba, moja baada ya jingine, mwaka hadi mwaka. Na desturi ya wanawake wale ni moja ambayo hakuna aliyenifundisha kwa maneno, niliiona tu: pweza unampa yeyote. Jirani, mgeni, mgonjwa, hata mtu mliyegombana naye asubuhi. Shimo huonyeshi mtu. Wanatembea wawili wawili, wanacheka, wanasengenya, wakikaribia mashimo yao wanaachana bila kuambiana, mmoja anageuza uso upande wa kisiwa cha Rongui kana kwamba kuna cha kutazama huko.

Mie nilijua hayo. Lakini nilifanya hesabu yangu, na hesabu yenyewe, ukiitazama, ilikuwa ya mtu aliyesoma somo la kwanza akalikosa la pili. Nilisema: nikimwonyesha Rosa shimo moja, yeye atakuwa nalo, na Bibi bado atakuwa nalo. Sijamnyang'anya mtu. a ni tano, b ni tano. Nikampeleka wakati wa maji mafu, yasiyokupwa mpaka mwambani, tukasimama ufukweni, nikamwonyesha kwa kidole: pale penye jiwe jeusi linaloinuka kama kisogo, hatua ishirini kuelekea kusini, chini ya ubao wa matumbawe. Shimo lile jina lake Bi Harusi, kwa sababu pweza wa pale hupenda kupamba mlango kwa magamba ya kaa. Kati ya yote ndilo jema. Ningeweza kumwonyesha lililo baya. Sijui kwa nini sikufanya hivyo. Labda nilitaka kujisifu.

Rosa akalipa, si mwongo. Alinifundisha kwa kamba na ndoo, kwenye kisima cha nyuma ya banda. Alifunga kamba mbili kwenye ndoo moja, akanipa moja, akashika moja. "Vuta." Nikavuta, ndoo ikaja. "Sasa maji yangu yako wapi?" akauliza. Nikasema nimeelewa. Sikuelewa. Nilielewa kisima.

Bamvua lilipoingia, siku ya kwanza Bibi aliumwa na goti, hatukwenda. Alasiri mama yake Rosa akatuletea bakuli la pweza wa nazi, limefunikwa kwa sahani. Alisimama mlangoni na kanga mpya, Kiswahili chake bado cha kupapasa. "Mama mkubwa, nimepika mara ya kwanza. Unionjee." Bibi akamkaribisha, akaonja, akasifu, na hakuwa anasifu kwa adabu tu. Tulikula mie, Bibi na Prof kwenye mkeka, na Bibi akawa anageuza nyama mdomoni. "Mnene huyu," akasema. "Mke mwenzangu, wamempata wapi mnene hivi? Siku nyingi sijala wa namna hii." Bibi hunitania hivyo, mke mwenzangu, tangu nazaliwa. Prof akasema ni neema ya Mungu. Mie nikasema labda ameletwa kutoka Mocímboa, nikajaza mdomo wali.

Kesho yake goti lilikuwa limepoa, tukaenda. Maji yalikuwa yamekupwa vizuri, jua limeshapanda. Bibi alikwenda moja kwa moja kwa Bi Harusi, kwa sababu ndilo la kwanza njiani. Alifika, akasimama. Mie nilikuwa nyuma yake na kikapu. Ule ubao wa matumbawe ulikuwa umevunjwa vipande vitatu, umepinduliwa, upande wake wa ndani, ambao haujapata kuona jua, ulikuwa tayari unakauka na kuwa mweupe. Palikuwa na mikwaruzo ya nondo, zile nondo zilizozagaa kila mahali mwaka ule kwa ajili ya ujenzi. Hapakuwa na mdomo tena, hapakuwa na shimo. Palikuwa na dimbwi na samaki wawili wadogo.

Bibi hakupiga kelele. Aliinama, akachukua kipande kimoja, akakiweka juu ya kingine, kikaanguka. "Nani umemwonyesha?"

"Rosa."

"Mangapi?"

"Hili tu, Bibi. Wallahi hili tu."

Nikaona uso wake unabadilika, kwa sababu alikuwa amekumbuka bakuli. "Ndiye tuliyemla," akasema. "Na mimi nikasifu." Alijifuta mikono kwenye kapulana. "Ungempa pweza, Sauda. Angekuja kila siku ungempa. Pweza wote wa nyumba hii ungempa yule mtoto, nisingekuuliza." Hakuniita mke mwenzangu tena mpaka baada ya mwezi.

Niliondoka pale mbio, nikamkuta Rosa bandani, nikamtukana kwa lugha tatu. Na yeye hakuelewa, huo ndio ukweli, alisimama na upawa mkononi ananikodolea macho. "Si ulinionyesha wewe?"

"Nilikuonyesha! Sikukupa!"

"Tofauti yake nini?"

 Nilisimama pale chumvi imenikauka miguuni, mafundi wameacha kula wananitazama, na Rosa, masikini, akaongeza kwa sauti ya chini, "Nilidhani kwa kuwa na Bibi analo lake..."  Macho yake yalifunguka wakati ule ule na yangu. Alilokuwa amelisema ndilo nililokuwa nimelifikiria mie. Hakukuwa na lake na langu. Kulikuwa na vidole vitatu vinaelekeza shimo moja, na mwenye kidole cha tatu amekwenda na nondo.

Kwa hiyo ndivyo nilivyoelewa ponteiro, na kama kuna njia ya bei nafuu zaidi Prof hakuipata. Jirani akiwa na pweza mkavu na sisi tuna wetu, wanafanana mpaka ncha za mikono, na akimchemsha wake, wetu hapati habari. Hiyo ni thamani. Lakini nikikwambia hatua ishirini kusini ya jiwe jeusi, umepata maneno yako mwenyewe, unaweza kwenda nayo Pemba, unaweza kuyaandika upya kwa wino mwekundu, mwamba hautajali. Ukifika mwisho wa maneno hayo na ukafanya jambo, umenifanyia na mie. Kilichonakiliwa ni maelekezo. Shimo halijaongezeka. Naandika haya leo yamekaa sawa kama vyombo kabatini na nakasirika upya, kwa sababu sentensi hiyo ina maneno machache tu, na mtu yeyote angeweza kuniambia, na kwa kweli waliniambia.

Bibi alimwita Rosa nyumbani. Nilidhani atamfokea. Alimkalisha jikoni, akampa uji, akamfundisha jinsi jiwe linavyorudishwa, jinsi ya kumtambua pweza aliyelalia mayai usimguse, kwa nini nondo haifai. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya ukuta, nimekasirika mpaka masikio. "Sasa umeshajua mwamba," alikuwa anamwambia. "Siwezi kuingia kichwani mwako nikautoa. Basi angalau ujue vizuri." Rosa alilia kwenye uji. Nilitamani kulia na mie lakini hakuna aliyenipa uji.

Mtihani ukaja. Swali la mwisho lilikuwa lile lile la orodha A na orodha B, na chini yake Prof ameandika: eleza kwa maneno yako. Nikaeleza kwa mashimo. Niliandika kurasa mbili. Niliandika kwamba ponteiro tupu ni kidole kisichoelekeza popote, na ukikifuata utachubuka magoti bure. Kwamba ponteiro ya zamani ni hatari zaidi, kwa sababu unatia mkono ulikomzoea pweza kumbe amehamia mkunga, yule samaki kama nyoka, na mkunga ana meno. Na kwamba kitu kisichoelekezwa na kidole chochote hakijafa, kipo pale pale kimekaa, ila hakuna atakayekifikia tena. Hilo la mwisho Prof alikuwa ametufundisha wiki iliyotangulia na nililipenda kwa ubaya wake. Siku mbili baadaye, nikiwa uani naosha vyombo, nilimsikia Prof peke yake chumbani anacheka, halafu akanyamaza, halafu akaja mpaka mlangoni na karatasi yangu mkononi. "Sauda," akasema, "nimekaa miaka sita nikieleza kwa barua." Nilikuwa nimemshinda Rosa kwa alama tatu.

Ikaja karatasi ya mlezi. Ilitakiwa irudi Jumamosi na dole la mkubwa wa nyumba. Isiporudi, nafasi inakwenda kwa wa pili, na wa pili ni Rosa. Nilimsomea Bibi yote, nikimtafsiria kutoka Kireno. Kitanda, chakula, miaka mitatu, likizo mara mbili kwa mwaka. Bibi akauliza kama huko Pemba wanakula pweza. Nikasema wanakula kila kitu. Akachukua wino wa Prof, akatia dole pale pale, safi, halikuchafuka hata kidogo, akaipeperusha ikauke. Nilimkumbatia. Nilidhani vita vimekwisha.

"Ijumaa ni bamvua," akasema. "Twende mara moja, kabla hujaondoka."

Tukaenda. Alitembea polepole kwa ajili ya goti, alikuwa ananiegemea. Tulipita jiwe jeusi. Tukapita yale mashimo kumi yaliyobaki, mawili yalikuwa na pweza, mengine hayakuwa na kitu. Nikageuka kurudi. Bibi hakugeuka. Aliendelea mbele, upande wa nje, ambako mwamba unatoka siku chache tu kwa mwaka na ambako sikuwahi kupelekwa, kwa sababu nilikuwa nikiambiwa hakuna kitu.

"Bibi, tunakwenda wapi?"

"Kuna mengine matatu."

Nilisimama. Maji yalikuwa yananifika vifundoni, ya vuguvugu. "Matatu gani?"

"Ya mama yangu. Yale kumi na moja unaweza kuyakuta mwenyewe ukijaliwa, baada ya miaka. Haya huyakuti. Mtu anaonyeshwa."

Nikaelewa alichokuwa anakifanya, chote, kwa mara moja, na nilitaka kupiga ukelele. Hakunizuia. Karatasi ilikuwa nyumbani chini ya sahani, ina dole. Angekuwa amenikataza ningegomba, ningemleta Prof, ningemleta mjomba, ningeshinda. Lakini goti lile halikuwa na bamvua nyingi tena mbele yake, na wote wawili tulijua, na hapakuwa na mwanamke mwingine wa kuonyeshwa. Rosa alikuwa anajua mahali pa shimo lililokufa. Nikionyeshwa, halafu nikapanda gari kwenda Pemba, halafu Bibi akalala, basi mashimo yale yangekaa pale na pweza wao, mlango wazi, miaka na miaka, na asiwepo duniani mtu wa kuyaelekeza. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwenye mtihani. Nilikuwa nimepata alama zote.

"Usinionyeshe," nikasema. "Bibi, nakuomba. Usinionyeshe leo. Nionyeshe nikirudi."

"Ukirudi lini?"

Nikaziba macho kwa viganja. Naona haya kusema, nilikuwa na miaka kumi na tano, nimesimama katikati ya mwamba kama mtoto anayecheza kibe, anangoja wenzake wajifiche. Nikangoja aseme neno, aniite, anivute mkono, nipate cha kumkasirikia.  Nilisikia tu fimbo yake ya chuma ikigusa jiwe mahali fulani mbele yangu, kidogo kulia, ikatulia. Maji yalikuwa yameanza kurudi, nilikuwa nayasikia yakiingia kwenye nyufa. Yalitoka vifundoni yakapanda muundini. Goti lake lilikuwa humo ndani ya maji, ameegemea ile fimbo, anangoja, na angengoja mpaka yamfike kiunoni, namjua.

"Umeona, mke mwenzangu?" akauliza.

"Sijaona."

"Basi sogea."

Nikatoa mikono usoni, nikasogea.